Jinsi ya Kusoma Shahada ya Historia Bila Historia Kukugusa

Hongera. Uliomba Sheria, ukaomba Uhasibu, na kwenye nafasi ya tatu ukajaza Historia kwa sababu fomu haikukubali nafasi ibaki wazi. Majina yametoka na umepangiwa palepale ulipojaza bila kufikiri. Usilie. Wenzako wengi wa HGL, HKL na HGK wamepita njia hiyo, wakamaliza miaka mitatu salama salimini, wakavaa joho, wakapiga picha na mama, na hakuna hata chembe ya historia iliyowaingia. Nawe unaweza. Kinachotakiwa ni nidhamu.

Anza na nyumbani, maana mtihani wa kwanza hufanyika huko, kabla hata hujapata chumba hosteli. Baba mdogo atakuuliza mbele za watu, "Ehe, chuo unakwenda kusomea nini?" Ukijibu "Historia" atanyamaza kidogo, atamtazama mama yako, kisha atasema, "Mh. Sawa. Na baada ya hapo?" Kwa hiyo usijibu Historia. Sema "BA". Herufi hizo mbili zina heshima zake na hakuna anayezifuatilia. Ukibanwa sana sema "Ualimu". Atakuhurumia, lakini ataelewa. Usije ukamkumbusha kwamba yule mzee ambaye picha yake ameitundika sebuleni, aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alikwenda Pugu kufundisha historia. Atakujibu kwamba Mwalimu alikuwa Mwalimu na wewe ni wewe, na hapo hutakuwa na la kumjibu.

Hoja sita

Silaha yako kubwa umetoka nayo sekondari. Ulifundishwa kwamba kila jambo lililowahi kutokea duniani lilikuwa na sababu sita, za kisiasa, za kiuchumi na za kijamii, zimetanguliwa na utangulizi na kufungwa na hitimisho. Usiitupe. Mhadhiri akisema "jadili", mpe sita. Akisema "fafanua", mpe sita zilezile. Akiuliza kama unakubaliana na kauli fulani, kubaliana nayo, kisha mpe sita.

Uzuri wa hoja sita ni kwamba hazichakai. Chukua swali la kwa nini wazee wetu walishindwa kuuzuia ukoloni: silaha duni, kukosa umoja, usaliti wa baadhi ya watawala, ukame na sotoka, imani za kishirikina, uwezo wa kiuchumi wa Wazungu. Umemaliza. Seti hiyo inamtosha Abushiri aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, inamtosha Samori Toure, inawatosha Wanandi na yeyote mwingine atakayeletwa kwenye karatasi. Unabadilisha jina tu.

Tahadhari moja: usisome habari za Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki, walikivamia kikosi cha Emil von Zelewski kikiwa safarini, wakamuua Zelewski mwenyewe na askari wake wengi, wakaondoka na mamia ya bunduki. Ukishalijua hilo, "silaha duni" itaanza kukukwama kooni. Utajiuliza, kama tatizo lilikuwa silaha, Agosti ile ilikuwaje? Mbona Wajerumani walihangaika karibu miaka saba mingine, mpaka Julai 1898, na hata hapo hawakumkamata mtawala wa Wahehe, Mkwawa, aliyejipiga risasi mwenyewe? Maswali ya namna hii yanakula muda wa mtihani na hayana alama.

Desa

Vitabu viko maktaba, vizito, na vingine vinasomwa humohumo ndani bila kuazimwa. Desa liko steshenari, kurasa ishirini, kwa bei isiyofika ya chipsi mayai. Tafuta lile lenye kingo nyeusi, kopi ya kopi ya kopi, lililopigiwa mistari na watu watatu kwa kalamu za rangi tofauti. Ukurasa wa 14 haumo. Pembeni mtu ameandika kwa herufi kubwa HILI LINATOKA. Mwandishi wake hajulikani. Huenda ni kijana aliyekuwa akinakili mhadhara huku anasinzia, na pale aliposikia vibaya, vizazi vyote vilivyomfuata vimesikia vibaya.

Humo utakuta kwamba fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa na Dk. Leakey mwaka 1959. Andika hivyohivyo. Aliyeliona Olduvai, tarehe 17 Julai, alikuwa Mary Leakey, na mumewe, Louis, siku hiyo alikuwa kambini amelala na homa. Lakini jina la ukoo ni moja, alama ni ileile, na Mary alishazoea.

Utakuta pia kwamba mpaka wetu na Kenya umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaizari wa Ujerumani. Hadithi tamu, na ukiisimulia kwenye daladala kila mtu anaongezea chake. Mstari ule ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na mjukuu mwenyewe alikuwa hajawa Kaizari. Alirithi kiti mwaka 1888. Malkia angekuwa anagawa milima kwa watoto wa watu wasio na cheo. Nyamaza. Ukimsahihisha mwenye desa, wiki ya mtihani hatakuazima.

Akitokea mwenye kiburi cha vitabu akalidharau desa lako, mjibu kwa historia yenyewe. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa nakala mbili: ya Kireno, aliyoichapisha João de Barros mwaka 1552, na ya Kiarabu, iliyonakiliwa mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar. Hazilingani. Kuna majina yaliyomo huku na kule hayamo, na urefu wa tawala unapishana. Wapo wanahistoria waliolipwa mishahara ya maisha kwa kupatanisha nakala hizo mbili. Desa lako nalo likitunzwa miaka 500 litapata profesa wake.

Mangungo abaki na aibu yake

Hapa kuna hatari kuliko kote, kwa hiyo tutakwenda taratibu.

Kila mkataba wa madini, gesi au bandari unapozua maneno nchini, lazima aitwe Mangungo wa Msovero. Bungeni ataitwa, kijiweni ataitwa, kwenye magazeti ataitwa. Wewe mwenye shahada unatarajiwa ucheke kuliko wote. Kisa unakijua tangu shule: Novemba 1884 kijana Mjerumani wa miaka 28, Carl Peters, alifika Usagara na karatasi zake, na Mangungo akatia alama, akaigawa nchi yake milele kwa urafiki na zawadi. Cheka, halafu geuza ukurasa.

Usipogeuza, maswali yatakuanza moja moja kama mvua za kwanza. Mkataba uliandikwa kwa lugha gani? Kijerumani. Mangungo alikijua? Aliyesimama katikati kutafsiri alisema nini hasa, kwa maneno gani? Mamlaka ya Mangungo yaliishia wapi, na kwa desturi za Usagara ardhi ilikuwa mali ya kutolewa na mtu mmoja? Na Peters alikuwa na shida na ardhi ya Msovero, au na karatasi? Maana aliondoka na bunda la mikataba ya namna hiyo, akarudi nayo Berlin, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya ule mkutano mkubwa wa kugawana Afrika kufungwa hapohapo, serikali yake ikampa hati ya ulinzi. Kilichokuwa kinamngoja kule ni bunda hilo. Kwa kazi hiyo, alama ya Mangungo ilifaa sawasawa hata kama Mangungo alidhani anasalimiana na mgeni.

Halafu lipo lile la mwisho, ambalo ukishaliona halifutiki. Karibu yote tunayoyajua kuhusu siku ile yametoka upande wa Peters. Mangungo hakutuachia mstari. Na Peters ni nani? Ni mtu ambaye mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi baada ya kashfa ya kuwanyonga watu Kilimanjaro; ni yule ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Hatumwamini kwa lolote. Isipokuwa pale anaposema Mangungo alikubali. Hapo tunamwamini herufi kwa herufi, na tumeweka maneno yake kwenye vitabu vya watoto wetu.

Sisemi Mangungo alikuwa shujaa. Sijui, na wewe hujui, na anayemtaja bungeni hajui. Ila shahada hii ina tabia ya kukufanya useme "hatujui" mbele za watu, na hicho ni kilema kikubwa kwa mtu anayetafuta kazi.

Utafiti wa mwaka wa tatu

Chuo kitakudai utafiti, na wengi waliokuwa wamejihifadhi vizuri miaka miwili huambukizwa hapa. Kinga ni mada pana. "Athari za Ukoloni Barani Afrika" ni mada nzuri: imeshaandikwa, iko kwenye desa, na hakuna mtu aliye hai ndani yake wa kukukosoa. Usichague mnada wa ng'ombe wa wilaya yenu au ginari iliyofungwa. Kule kuna bibi anayejua kila kitu, naye atataka kusomewa ulichoandika.

Kuna watu walituharibia katika hili. Mwaka 1968 pale Mlimani, walimu wa historia wakiwamo John Iliffe na Gilbert Gwassa waliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana wa umri wako, waende kuwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Vita ya Majimaji. Hawakupewa hoja sita. Walikwenda vijijini, wakakaa, wakaandika walichoambiwa, na maandishi yao mpaka leo yanatumiwa na maprofesa wa ng'ambo. Walirudi na mambo ambayo majalada ya Mjerumani hayakuwa nayo. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein, wa chuo hichohicho, akachapisha tamthilia yake Kinjeketile, na mganga wa Ngarambe akaingia madarasani moja kwa moja.

Ingekuwa imeishia hapo tungeikariri vizuri. Haikuishia. Waliokuja baadaye wakaihoji hata kazi ile: nchi ilikuwa changa, ilikuwa inatafuta mababu walioungana, na anayetafuta umoja huuliza maswali ya umoja. Wakasema vita ya Umatumbi, iliyoanzia Nandete Julai 1905 kwa kung'oa pamba, haikuwa sawa na ya Ungoni. Kila mahali palikuwa na madeni yake na magomvi yake. Wakakumbusha pia kwamba bunduki nyingi upande wa Mjerumani zilishikwa na askari Waafrika. Hata hesabu ya waliokufa haitulii. Wajerumani walisema 75,000. Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala. Desa linasema "watu wengi walipoteza maisha". Fupi, safi, alama mbili.

Lakini tuseme umekosea ukajikuta kijijini na hojaji mkononi. Itakuwa hivi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe wa nani?"

Hilo halimo kwenye hojaji. Mjibu haraka, taja na ukoo, la sivyo hutapata hata kiti. Kisha nenda kwenye swali lako la kwanza.

"Babu, hapa kijijini mlihamia mwaka gani?"

"Aa, miaka tena! Tulihamishwa na Operesheni. Wamekuja asubuhi, nyumba zimeezuliwa, tumepakiwa kwenye lori, tumeshushwa hapa porini. Hata choo hakuna. Mwanangu wa pili amezaliwa tuko kwenye kibanda cha nyasi, na bibi yako anakula ugali wa yanga, hautaki, analia."

Sasa andika: Mhojiwa hakumbuki mwaka. Mshukuru, mpe soda, ondoka.

Ole wako ukikaa dakika tano zaidi. Utagundua mzee ameshakupa tarehe, na ushahidi wake juu. Operesheni ni Operesheni Vijiji, iliyopata nguvu baada ya agizo la Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Yanga ni ule unga wa mahindi ya njano ya kutoka nje, na njaa ya 1974 na 1975 ndiyo iliyoujaza kwenye masufuria ya watu. Muulize mvua zilikuwa zimeanza au bado, utapata na mwezi. Ukienda kukitafuta cheti cha kuzaliwa cha huyo mtoto wa kibanda cha nyasi, utakikuta kimetolewa miaka mingi baadaye, alipokuwa anaomba kazi, na kimeandikwa tarehe 1 Julai, kama cha nusu ya kijiji. Hapo itabidi uamue mwenyewe umwamini nani, mhuri au ugali wa njano. Ukianza tu kuamua, umekwisha.

Ajira

Nitakuwa mfupi kama tangazo lenyewe. Nafasi za Fizikia na Hisabati ni nyingi. Za Historia zimo kwa chini. Jipe moyo kwamba mitaala mipya imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa hiyo kuna mahali lazima mtu asimame mbele ya watoto. Huyo mtu akiwa wewe, Bodi ya Mikopo itakukata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe, pamoja na lile bumu ulilonunulia simu. Hapo utauona utunzaji wa kumbukumbu uliokamilika: kila senti ina jina lako na tarehe yake.

Dalili za hatari

Hata mwenye nidhamu anaweza kupatwa, kwa hiyo jichunguze.

Mtu ametuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo picha ya Mwalimu na maneno mazito chini yake, na wewe, badala ya kuweka mikono ya kuomba, unauliza aliyasema wapi na mwaka gani. Hiyo ni dalili ya mwanzo. Ukiuliza mara ya pili utaondolewa kwenye kundi na utakosa taarifa za michango, jambo ambalo lina nafuu yake.

Unapita Mtaa wa Lumumba na unajikuta unamweleza konda kwamba chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianzia hapo mwaka 1961, kwenye jengo la TANU. Konda anataka nauli.

Dalili mbaya kabisa hujitokeza msibani. Mjomba anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, ameacha mjane na watoto wanne. Watu wameinamisha vichwa. Wewe umeinua chako unatazama nyuma kabisa, kwenye mkeka wa mwisho, alipokaa mama mmoja na vijana wawili wenye pua ya marehemu, na kichwani mwako linapita swali moja: wasifu huu ameuandika nani? Ukifikia hapo usidanganywe na mtu, hakuna dawa. Hata ukibadilisha kozi, utakwenda nalo Uhasibu.

Basi kama yameshakukuta, fanya moja la maana kabla miaka mitatu haijaisha. Chukua barua ya utambulisho chuoni, penseli mbili na daftari, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Uliza majalada ya wilaya yenu. Viti huwa vipo.